Daftari la Makosa la Asma

Soud alipigwa kwa ajili ya sentensi saba zilizoandikwa na mkewe kwa kalamu ya buluu, na katika sentensi hizo saba hapakuwa na uongo hata mmoja.

Mkewe akiitwa Asma. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli moja ya kusini mwa Pemba, na akikaa na mumewe Mtondooni, kijiji cha mihogo na migomba kilichokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kengeja. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Watu wakimjua Asma kwa jambo moja: kosa halikumpita. Siku moja mirathi ya marehemu mmoja ilikuwa ikigawiwa barazani, naye yuko jikoni na wanawake wenziwe anakuna nazi. Akasikia mafungu yanasomwa, akatuma neno kwamba thumuni ya mjane imepunjwa. Wanaume wakahesabu upya, wakakuta kweli. Shehe aliyekuwa akigawa hakumpenda tena, lakini tangu siku hiyo kila mirathi alimpelekea karatasi kwanza aipitie.

Mwaka 2005, mwezi wa Shaaban, kaka yake Hafiz, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kompyuta Maskati, alimpelekea kompyuta kuukuu kwa mkono wa mtu aliyekuja likizo. Ndani ya kasha mlikuwa na diski tatu na barua.

"Dada Asma," Hafiz aliandika, "mfumo wa kuendeshea kompyuta uliomo katika diski hizi haujatolewa bado. Unaandikwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea, na miye ni mmoja wa waliotia maneno ya Kiswahili. Umejaa makosa. Tunatafuta watu wautumie majumbani mwao, na kila ukiwakwamisha waandike umewakwamisha wapi. Mafundi tunao wengi. Tunayemkosa ni mtu asiyejua, tena asiyenyamaza. Nimekukumbuka weye."

Asma alicheka peke yake, kisha akanunua daftari la kurasa mia.

Kompyuta iliwekwa chumbani juu ya meza ya cherehani. Wiki ya kwanza haikukaa nusu saa bila kuganda. Ukiiwasha na kipanya kimechomekwa, haiamki kabisa, Asma akaandika. Ukitaka kuandika tarehe za Kiislamu, mwezi wa Rajabu unakuja mara mbili, akaandika. Kila Alkhamisi alinakili makosa kwenye diski ndogo, akapanda gari ya abiria mpaka mji wa Chake, akayatuma kwa Hafiz kutoka duka la intaneti. Hafiz akajibu kwamba wenziwe wanauliza huyu mwalimu ni nani, maana amekwishaona makosa arobaini ambayo wao hawakuyaona.

Barua ilimtaka pia afungue watumiaji kumi, kila mmoja kwa jina lake, aone kama mfumo unaweza kuwabeba wote. Asma aliketi kufikiri majina, na majina yaliyomjia ndiyo yale yanayomjia mtu yeyote: ya jirani zake. Mtumiaji wa kwanza, aliyebebeshwa kazi nzito kuliko wote, alimwita Jaribu, na kila programu aliyoifungua mfumo uliiita kwa jina hilo.

Mzee Jaribu alikuwa sheha, mtu wa serikali pale kijijini. Alikuwa pia rafiki wa marehemu baba yake Asma, na ndiye aliyesimama shahidi siku ya nikaha yake. Asma akimwita ami.

Sasa kulikuwa na kosa moja kubwa lililomsumbua kuliko yote. Katika mfumo ule, programu ikianzisha kazi nyingine ndani yake, ile ya kwanza iliitwa mzazi, na zile zilizoanzishwa ziliitwa watoto. Ikiganda, dawa yake ni kuizima kwa nguvu, na neno ambalo Hafiz na wenziwe walilitia kwa kitendo hicho lilikuwa "ua". Ukimuua mzazi, watoto walitakiwa wafe naye. Hawakufa. Walibaki wakila nguvu za mashine mpaka ikaganda yote, na mfumo ukiwaita yatima. Asma alilifuata kosa hilo siku tano mfululizo, na kila siku akaandika kilichotokea, kwa ufupi, kama alivyozoea.

Soud, aliyekuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, alilifungua daftari siku moja akitafuta karatasi ya kufutia mafuta. Akasoma, akasoma tena.

"Asma," alisema, "mtu akiliokota hili, itakuwaje?"

"Ataliokotea wapi? Halitoki mkobani mwangu."

"Andika neno jengine."

"Neno lenyewe ndilo hilo. Nikiandika jengine, Hafiz hatalijua kosa nnalosema."

Soud akalifunga, akafutia mafuta kwenye shati lake.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Uchaguzi ulikuwa uangukie Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwishoni mwa Ramadhani. Tangu vyama vingi vije, Mtondooni palikuwa vijiji viwili ndani ya kimoja. Wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile. Mtu akifiwa, huuliza kwanza waliokuja kuzika ni akina nani. Wengi walikuwa upande mmoja, na sheha na jamaa zake wachache upande wa pili. Wakati wa kuandikisha wapiga kura, Mzee Jaribu aliyakataa majina ya watu kadhaa, akisema hawakukaa kijijini muda wa kutosha, na mmoja wao alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Wiki ile ile mikarafuu yake kumi na mmoja ilikatwa. Ng'ombe wake alikutwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, amekaa kitako kondeni anaangalia watu. Mwezi uliofuata ikatupwa chupa ya petroli juu ya paa la jiko lake. Mzee akawa halali usiku. Akaomba ulinzi kwa wakubwa wa chama chake, na wakaletwa vijana wageni, wakawekwa nyumba moja njia ya Kengeja. Hakuna aliyewajua majina.

Siku ya Alkhamisi, siku tatu kabla ya kura, Asma alirudi kutoka Chake akafungua mkoba, na daftari halimo.

Alirudi njiani akaulizia. Utingo wa gari akasema ameliona daftari kitini, amempa mtu wa Mtondooni alirejeshe. Mtu gani? Utingo hamjui, kijana tu, kavaa fulana nyekundu. Asma alilala na jambo hilo kifuani. Asubuhi alimwambia mumewe, na Soud hakusema "nilikwambia". Alisema, "Twende kwa sheha wenyewe, tumweleze kabla hajaelezwa."

"Jioni, baada ya futari," alisema Asma. "Mchana huu yuko na wageni wake."

Kwa kuchelewa huko alijilaumu maisha yake yote.

Ijumaa hiyo, baada ya swala ya alasiri, Asma alikuwa uani akitwanga mchele wa vitumbua. Soud alikuwa kibarazani mbele ya nyumba, amepindua baiskeli ya mtu anafunga mnyororo. Wakaingia wanane, bila hodi. Nyuso wamezifunga vitambaa, wengine wamevaa soksi za kichwani zilizotobolewa macho. Wana marungu, wawili wana mapanga, na mmoja, mrefu kuliko wenziwe, amejizungushia mkononi mnyororo uliofungwa kufuli mwishoni.

"Kompyuta iko wapi?" aliuliza yule mrefu. Lafudhi yake haikuwa ya kisiwani.

"Jamani, swaumu hii," alisema Soud, "karibuni tuke..."

Rungu lilimpata mdomoni kabla hajalimaliza neno. Alianguka juu ya baiskeli, wakamwinua kwa shati, wakampiga tena. Walimpiga bila kupiga kelele, kwa mpango, wawili wakimshika na wawili wakimpiga, magoti, mbavu, mgongo. Alipoponyoka akajikunja chini akauweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa. Rungu likashuka juu ya mkono. Asma aliusikia mvunjiko kutoka uani, mkavu, kama wa mti wa muhogo.

Alitoka mbio na mchi mkononi. Hakumwona mtu; aliona mgongo, akaupiga. Mchi ule wa mtondoo ulimpata kijana begani karibu na shingo, akaporomoka kwa magoti, na kitambaa kikamshuka usoni. Alikuwa Ahmada, mtoto wa ndugu yake Mzee Jaribu. Asma alimsomesha miaka mitatu.

"Mwalimu," alisema Ahmada, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia darasani alipokosa jibu.

Asma akasita. Katika kusita kule, ubapa wa panga ulimshukia kisogoni. Alianguka kifudifudi, mdomo umejaa mchanga na damu, na mtu akampiga teke la tumbo, kisha la pili, kisha la tatu, polepole, kama mtu anayejaribu ugumu wa mlango. Alisikia ndani vyombo vikivunjika. Walipasua godoro, wakapindua kabati, wakamwaga pipa la maji sebuleni. Walipotoka, wawili wamebeba kompyuta na kioo chake, nyaya zinabururika. Mwengine amechukua mpira wa ndani wa baiskeli, akamfunga Soud shingoni.

"Sheha anamtaka," alisema yule mrefu.

Kutoka nyumba ya Soud mpaka kwa sheha ni hatua mia tatu. Walimvuta kwa mpira ule kama anavyovutwa mbuzi. Kila alipoanguka walimpiga mpaka ainuke, na kuinuka kwa mkono mmoja ni kazi. Milango ya kijiji ilifungwa mmoja baada ya mwengine. Asma alifuata nyuma kanga imechanika, jicho moja limefunikwa na damu, anapepesuka. Nyuma ya migomba aliwaona vijana wa ule upande wa wengi wameinama, wanaokota mawe. Aliwaashiria kwa mkono wasirushe. Alijua likirushwa jiwe moja, Soud atakatwa pale pale njiani.

Mzee Jaribu alikuwa ameketi barazani kwake, kanzu nyeupe, miwani puani, daftari la Asma juu ya mapaja. Alikuwa amekonda tangu Asma alipomwona karibu mara ya mwisho. Mkewe, Bi Mwanapili, alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Soud akabwagwa mbele ya ngazi, na mmoja akamkanyaga shingo.

"Nimesema mleteni," alisema sheha alipoiona hali yake. "Sikusema mmuuwe."

"Yuko hai," alijibu yule mrefu.

Sheha alimtazama Asma, akalifungua daftari, na akasoma kwa sauti, akiweka kidole chini ya kila mstari.

"'Nimemuua Jaribu mara mbili, hakufa. Jaribu amekufa leo, lakini watoto wake watatu wamebaki. Watoto lazima wauliwe mmoja mmoja. Nimejaribu kuwaua kwa pamoja. Wawili wamekufa. Wa tatu amejificha. Kesho nitaanza na watoto, kisha mzee.'"

Akavua miwani. Alikuwa na watoto watatu kweli, na mdogo alikuwa amempeleka Kojani kwa wakweze, afichike mpaka uchaguzi upite. Asma hakuwa na habari hiyo.

"Miye nilikuwa shahidi wa nikaha yako," alisema. "Babako nilimwosha kwa mikono hii. Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Ami, si weye. Ni jina."

"Jina la nani?"

"Lako. Lakini si weye."

Wageni wakacheka nyuma ya vitambaa. Asma aliona kwamba kila atakalosema litakuwa hivyo hivyo, litaingia sikioni likiwa jengine. Akasema, "Nipe umeme, ami. Niiwashe mbele yako. Usipoyaona haya haya kwa macho yako, fanyeni mnalotaka."

Sheha alifikiri. Barazani palikuwa na meza ya televisheni, waya wake umepitishwa dirishani. Akaashiria kwa kidole. Asma alipanda, akaviunga vipande. Kona ya kioo ilikuwa na ufa, na kibodi imepoteza vifungo viwili. Akabonyeza. Mashine ikavuma, taa ikawaka, maandishi yakateremka mpaka katikati ya kioo yakasimama. Walingoja. Hayakuendelea.

"Imegoma," alisema yule mrefu. "Kila ikigoma, moja." Akauzungusha mnyororo, akamshushia Soud mgongoni. Soud alitoa sauti ambayo Asma hakujua kama mumewe anayo.

"Ngoja," alisema Asma. "Inagoma hivi. Ndiyo kazi yangu hii, kuandika inavyogoma."

Aliizima, akaiwasha tena. Ikasimama pale pale. Mnyororo ukashuka, na safari hii kufuli lilimpata Soud katika mkono uliovunjika, akazimia. Asma akapiga magoti mbele ya mashine, na pale magotini likamjia kosa la kwanza kabisa aliloandika, la ukurasa wa kwanza. Akakichomoa kipanya. Akaiwasha mara ya tatu. Dakika sita zikapita. Maandishi yakateremka, yakapita katikati, yakafika chini, na majina kumi yakajitokeza juu ya kioo: Jaribu, Mwanapili, Ahmada, na wengine, wote watu wa Mtondooni.

Sheha alivaa miwani akasogea. "Mwanapili naye yumo," alisema.

"Wote mumo, ami. Nilitakiwa nitie majina, nikatia ya watu niliozoea kuwaona." Akafungua jina la Jaribu, akaanzisha kazi, na visanduku vitatu vikatokea, kila kimoja kinahesabu namba peke yake. "Hawa ndio watoto. Hii iliyowaanzisha ndiyo mzazi. Sasa tazama." Akaandika neno lile fupi na jina mbele yake. Juu ya kioo pakaja:

Jaribu ameuawa. Yatima: 3.

Na vile visanduku vitatu vikaendelea kuhesabu.

"Kosa lenyewe hili," alisema Asma, machozi yanamtiririka. "Hawafi. Nimemwandikia Hafiz siku tano kwamba hawafi."

Mzee Jaribu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alisoma maneno yale, akaangalia namba zikipanda. Mabega yake yakashuka. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla mahali asipopajua. Aliangalia chini, akamwona Soud amelala katika damu yake, mkono umekunjika pasipokuwa na kiungo.

"Basi," alisema. "Mwacheni. Nimeelewa."

Yule mrefu alikuwa amepanda ngazi. Naye aliisoma.

"Mzee, imeandikwa umeuawa. Wanakuua mbele ya macho yako, unasema basi?"

"Ni mashine, mwanangu. Inasema kazi zake."

"Siye hatukuletwa kwa ajili ya mashine."

"Nnakwambia mwacheni. Miye ndiye niliyewaita, na miye nasema nendeni."

"Weye hukutuita," alijibu yule mrefu, bila hasira. "Tuliletwa. Kesho kutwa kura, na hawa watu wako hawajaogopa bado." Akateremka, akasimama juu ya kichwa cha Soud, akaurusha mkono nyuma.

Mzee alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuna aliyejua kuwa bado ana wepesi ule. Aliruka ngazi mbili, akatandaza mikono juu ya Soud. Kufuli lilimpata juu ya sikio. Halikutoa sauti kubwa. Miwani iliruka, na Mzee akakaa chini taratibu ubavuni mwa Soud, kofia bado iko kichwani, damu inapita chini yake.

Bi Mwanapili alipiga ukelele mmoja. Hapo ndipo mawe yalipoanza kuja kutoka kwenye migomba. Vijana wa kijiji hawakujua nini kimetokea. Walisikia ukelele wakarusha. Jiwe moja likapasua kioo cha kompyuta kikalipuka vipande. Jengine likamvunja mgeni mmoja meno. Wageni wakakatakata hewa kwa mapanga wakirudi nyuma, na mmoja alimfikia kijana aliyetangulia, akamfyeka vidole viwili vya mkono uliokuwa na jiwe. Kisha wakakimbilia njia ya Kengeja, ambako gari yao iliwangoja, na tangu hapo Mtondooni haikuwaona tena.

Barazani alibaki Ahmada. Bega lake lilikuwa limening'inia, mfupa wa mtulinga umevunjwa na mchi wa mwalimu wake, na kwa mkono mmoja alikishika kichwa cha ami yake akijaribu kuziba damu kwa kile kitambaa alichojifunikia uso. Asma alichana kanga yake, akampa. Wakafunga kichwa pamoja, hawakuangaliana. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka Kengeja, na hakuna aliyefungua swaumu kwa chochote.

Mzee Jaribu hakusema tena. Alikaa siku saba, anafungua macho, anafumba, akafa siku ya pili ya Idi.

Mazishi yake yalikuwa na watu kumi na wanne. Kijiji kizima kilibaki majumbani. Wengine walikuwa wakisema kwa sauti kwamba Mungu amejibu dua. Soud alitoka kitandani. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa mbale, vipande vya makuti, na fundi wa mifupa wa kijijini, kwani siku zile za kura hakuna gari iliyokubali kupita njiani na majeruhi. Hawezi kusimama wima. Asma alimwambia abaki, dua inafika popote.

"Kipigo kilichomuua kilikuwa changu," alisema Soud. Akaenda, akalishika jeneza kwa mkono wa kushoto hatua chache, mpaka wakamwomba aliachie.

Asma alikwenda kwa wanawake. Bi Mwanapili alikuwa amekaa juu ya mkeka wa eda, kajifunika shuka nyeupe. Wanawake wachache waliokuwapo walijisogeza, wakaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake, labda kwa heshima, labda kwa kutaka kuona. Asma akaketi, akampa mkono. Bi Mwanapili aliupokea, akakaa nao muda mrefu bila kuuachia.

"Mungu kaumba majina tele," alisema mwisho, kwa upole. "Ya miti, ya samaki, ya miji. Kwa nini ukaliandika lake?"

Asma angeweza kusema kwamba lilikuwa la kwanza kumjia, na kwamba lilimjia kwa sababu alimpenda. Aliona kuwa hilo ni zito zaidi kumwambia mjane kuliko kunyamaza. Bi Mwanapili akamwachia mkono.

Hakuna aliyeshitaki. Kila upande uliogopa jina lake kuingia katika karatasi nyengine. Asma alimwandikia Hafiz barua ya mwisho, si kwa intaneti bali kwa mkono, akamweleza yote tangu mwanzo mpaka mazishi, na chini kabisa akaandika kosa moja tu: neno. Hafiz alilia simuni. Mfumo ulipotoka mwaka uliofuata, pale palipokuwa na "ua" palikuwa na "simamisha", na yatima walikuwa wameondolewa. Jina la Asma lilikuwamo katika orodha ya walioshukuriwa. Hafiz alimtumia diski. Aliiweka kabatini bila ya kuifungua. Skuli ilipopata kompyuta zake miaka kadhaa baadaye, mwalimu mkuu alimwomba awe msimamizi, akakataa. Aliendelea na hesabu zake. Wanafunzi waliomjua zamani walisema amekuwa mpole, kosa analiona bado, lakini analizungukia kwanza kabla ya kulitaja.

Mkono wa Soud ulipona vibaya. Kiwiko kiligandana, ukawa haukunjiki kufika mdomoni. Baiskeli alizitengeneza kwa mkono wa kushoto na meno, akawa si mwepesi lakini fundi. Kula ndiko kulikomwia vigumu. Hukumu ya mtu mwenye udhuru alielezwa na mashehe watatu, na bado aliona haya kula kwa kushoto mbele za watu. Kwenye shughuli alikuwa akijitenga, akisema ameshiba.

Mwaka wa sita baada ya yale, alialikwa harusi Kengeja, akawekwa sinia moja na watu watatu. Mmoja alikuwa mgeni wa Unguja. Wa mwisho kuketi alikuwa Ahmada, bega moja limeshuka kuliko jengine. Hawakuwahi kula pamoja tangu siku ile.

Yule mgeni alipouona mkono wa kushoto wa Soud ukiingia siniani akasema, "Ndugu yangu, samahani, huo si mkono wa kulia chakula."

Soud alimhadithia mkewe usiku huo, amekaa ukingoni mwa kitanda anavua shati polepole.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Asma.

"Sikumjibu. Ahmada alisema, 'Mwache ale. Wa kulia tulimvunja siye.' Hivyo hivyo, mbele za watu."

"Na yule mgeni?"

"Hakujua afanye nini. Akanisogezea nyama."

"Na weye?"

"Nikala," alisema Soud. "Pilau lilikuwa zuri."